Maswali ya Wasomaji: Mungu alikuwa wapi mlima ulipomomonyoka?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kutoka Babati, lakini kwetu hasa ni Gendabi, chini ya Mlima Hanang. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka mlimani likibeba mawe na magogo, likaipitia nyumba ya mama yangu mdogo, naye akafukiwa pamoja na wajukuu wake wawili. Tulipofika, mahali palipokuwa na nyumba tulipatambua kwa mgrevilea mmoja uliobaki umesimama. Bati la jikoni lilikuwa limejiviringisha kwenye shina lake, na sufuria yake ya uji tuliikuta mbali kule bondeni, imejaa tope hadi pomoni. Mama mdogo alikuwa mzee wa kanisa, na siku ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Msibani mhubiri mmoja alisema kwamba janga lile ni hukumu ya Mungu kwa dhambi za watu wa mlimani. Wengine waliniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nami kwa adabu nikaitikia amina. Tangu siku hiyo naenda kanisani, lakini wimbo ukianza mdomo haufunguki. Naomba kuuliza mambo mawili. Je, ile ilikuwa adhabu? Na kama haikuwa adhabu, mbona Mungu mwenye uwezo wote na upendo wote hakuuzuia mlima? Unisamehe kama kuuliza hivi ni kukufuru.

Msomaji, Babati

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba huo wa watu watatu wa nyumba moja, na pole kwa yale uliyoambiwa ukiwa bado hujamaliza kulia.

Nianze na hofu yako ya kukufuru, kwa sababu nisipoiondoa hutaweza kuyasikia mengine. Nabii Habakuki anafungua kitabu chake kwa kumuuliza Bwana atalia mpaka lini bila kusikilizwa. Zaburi ya 44 inamwambia Mungu aamke, na kumuuliza kwa nini amelala. Zaburi ya 88 ni malalamiko tangu mstari wa kwanza, tena inakwisha gizani bila neno la shukrani wala la kufarijiwa, na waliokusanya Maandiko hawakuitoa wala hawakuitafutia mwisho mzuri. Swali lako, basi, lilikwisha kuulizwa ndani ya Biblia na watu waliokuwa wakisali, na hakuna mahali ambapo waliambiwa wanyamaze.

Sasa adhabu. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu mwenyewe anataja ajali iliyokuwa midomoni mwa watu wa siku zile: mnara wa Siloamu ulianguka ukawaua watu kumi na wanane. Akawauliza wasikilizaji wake kama walidhani kwamba wale kumi na wanane walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wote waliokaa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageuzia wao, waliokuwa hai, wito wa kutubu. Walipomwuliza habari za mtu aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake, alikataa yote mawili. Mhubiri anayesimama mbele ya majeneza na kusoma hatia za waliomo ndani anafanya jambo ambalo Bwana wake alikataa kulifanya alipoombwa waziwazi.

Huenda mhubiri huyo akakujibu kwa kutaja Gharika na Sodoma. Habari hizo zimo, nami sizifichi. Lakini katika kila moja, Mungu ndiye aliyesema mapema atakalofanya, na alimwambia mtu aliyemtaja kwa jina. Hapakuwa na mtu aliyepita baadaye kati ya maiti akajitungia sababu. Tena kabla ya Sodoma, Ibrahimu alijadiliana na Mungu kutoka watu wema hamsini akashuka hadi kumi, na Mungu akakubali kwamba kwa ajili ya hao kumi asingeuangamiza mji. Anayedai kwamba Gendabi, Jorodom na Katesh hazikuwa na watu wema kumi, na mama yako mdogo akiwa mmoja wao, atuambie aliwahesabu lini.

Mazoea haya ya kuisoma hukumu kwenye kifusi ni ya zamani, na historia yake inaonyesha jinsi yasivyoaminika. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa liliupiga mji wa Lisbon nchini Ureno saa za ibada ya asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa watu. Yaliyobaki baada ya tetemeko yalipigwa na mawimbi kutoka baharini na kuteketezwa na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Waprotestanti wa kaskazini mwa Ulaya wakasema mji umeadhibiwa kwa Ukatoliki wake, na baadhi ya Wakatoliki wakasema umeadhibiwa kwa kuwavumilia Waprotestanti. Gabriel Malagrida, padre wa Kijesuiti, alisisitiza kwamba chanzo ni dhambi za watu, na akawalaumu waliokuwa wakishughulika na kujenga vibanda vya kujihifadhi badala ya kutubu. Hata mtu wa kiwango cha Gandhi alinaswa humo. Baada ya tetemeko la Bihar la Januari 1934 alisema kwamba India imeadhibiwa kwa dhambi ya kuwatenga watu wa tabaka la chini kabisa. Dhambi aliyoitaja ilikuwa dhambi ya kweli, na aliipinga maisha yake yote, lakini rafiki yake, mshairi Tagore, alimjibu hadharani kwamba haifai kufungamanisha maovu ya watu na mitikisiko ya ardhi, kwani wapinzani wake nao wangeweza kulitumia tetemeko lilelile dhidi yake. Ninaona Tagore alikuwa sahihi. Kifusi hakisemi, na kila anayekisemea hukikuta kinakubaliana na maoni aliyokuwa nayo tangu jana yake.

Ningependa kukaa zaidi kwenye yale maneno uliyoitikia amina, kwa sababu nadhani ndiyo yanayokuziba mdomo kanisani kuliko hata mahubiri. Misibani kwetu tunasema “kazi ya Mungu haina makosa”, na tunasema “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa”. Angalia ni nani aliyeyasema haya ya pili. Ni Ayubu, siku aliyoletewa habari kwamba upepo mkubwa kutoka jangwani umeipiga nyumba ya mwanawe mkubwa na kuwaangukia watoto wake wote kumi. Aliyesema ni aliyefiwa. Hakuna jirani aliyekuja kumsemea. Na baada ya siku saba za kukaa chini na rafiki zake bila neno, Ayubu yuleyule anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, na maneno hayo nayo yameandikwa. Rafiki zake walifanya vema kwa zile siku saba walizonyamaza. Walipoanza kufafanua, wakisema kwamba Mungu ni wa haki na kwa hiyo lazima kuna kosa mahali fulani, waliharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena sawasawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye aliyenena sawasawa!

Kwa hiyo maneno ya kukubali yana mwenyewe, na mwenyewe ni mfiwa, siku atakapoweza. Jirani akiyatanguliza anamnyang'anya mfiwa nafasi ya kufika huko kwa miguu yake. Wewe hukuwa umefika. Uliitikia kwa heshima, na Mungu anajua tofauti ya amina ya adabu na amina ya moyo.

Liko jambo jingine ambalo lazima nilitaje, nalo ni kwamba tuna tabia ya kumsingizia Mungu. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalishuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kalavati la reli lililozibwa na takataka na magogo, hadi likashindwa. Mvua ilitoka kwa Mungu, lakini kalavati lilikuwa letu. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, watu zaidi ya laki moja wakafa. Wiki chache baadaye Chile ilipigwa na la 8.8, lililotoa nishati takriban mara 500 zaidi, na waliokufa walikuwa mia kadhaa, kwa sababu Chile ilikuwa imejifunza kutokana na matetemeko yake ya zamani na kuweka sheria za ujenzi zinazofuatwa, wakati Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, ilikuwa imejengwa kimaskini juu ya umaskini. Baada ya Lisbon, mwanafalsafa Rousseau alimwandikia mwenzake Voltaire kwamba si maumbile yaliyokusanya pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Sisemi haya ili kumlaumu mama yako mdogo kwa kujenga alipojenga. Alijenga palipokuwa na shamba, kama wazazi wake walivyojenga. Ninayasema kwa sababu tukiandika “mapenzi ya Mungu” juu ya kila kaburi, hatutauliza nani alipaswa kutoa tahadhari, wala njia za maji za mlima zitapimwa lini.

Nikitoa sehemu ya binadamu, inabaki ile ya mlima wenyewe, na hapo swali lako la pili linakuwa gumu kweli. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba Hanang haikulipuka kama uvumi ulivyosema. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua kubwa za msimu ule wa El Niño hadi ikalemewa, ikakatika na kuporomoka. Mlima huo, wenye zaidi ya mita 3,400, ni volkano ya zamani iliyoinuka pamoja na Bonde la Ufa. Nguvu zilizoipasua nchi yetu kutoka kaskazini hadi kusini ndizo zilizotupa Kilimanjaro na Meru, ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa, na udongo ambao kwa ajili yake watu walihamia kwenye miteremko ya Hanang na kuvuna mahindi, maharage na ngano. Dunia yenye ardhi tulivu kabisa, isiyotikisika wala kuinuka milima, ingekuwa dunia iliyokufa. Wako wanateolojia wanaosema, basi, kwamba Mungu aliumba ulimwengu unaofuata taratibu zake, ambamo maji ni maji daima, yakinywesha shamba na yakibeba tope, kwa maana bila taratibu za kutegemewa mkulima asingejua lini apande na mama asingejua kwamba uji utachemka.

Ninaamini kwamba hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake. Inanisaidia kuelewa kwa nini kuna maporomoko duniani. Hainisaidii kuelewa kwa nini watoto wawili hawakuamka dakika kumi mapema wakatoka nje, jambo ambalo lisingevunja kanuni yoyote ya maumbile. Kadhalika wanaosema kwamba mateso hutujenga na kutukomaza wanasema kweli kuhusu baadhi ya watu wanaobaki hai, lakini mtoto aliyefukiwa usingizini hakukomazwa na kitu. Wala sikubali kwamba tope lilishuka ili wema uonekane kwa wale waliokuja kuchimba kwa majembe na mikono, na kwa askari wa JWTZ waliofukua, na kwa akina mama waliopika ugali wa watu wasiowajua. Wema ule ulikuwa mkubwa, na ninaamini Mungu alikuwa ndani yake, lakini haukuwa bei ya kununulia maisha ya mtu.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini Mungu hakuuzuia mlima, jibu langu ni kwamba sababu hiyo hatukupewa. Hata Ayubu hakupewa. Mungu alimjibu kutoka ndani ya tufani, akamuuliza habari za theluji na nyota, za mbuni na punda-mwitu, na za mvua inayonyesha mahali pasipo na watu, lakini juu ya watoto wake hakusema hata neno moja. Wasomaji wengi hukimbilia mwisho wa kitabu, ambapo Ayubu anazaliwa watoto wengine kumi, kana kwamba hesabu imefungwa. Haikufungwa. Wale kumi wa kwanza hawakurudi, na hakuna mzazi anayefikiri kwamba mtoto wa pili hulipia wa kwanza. Alichopata Ayubu ni kwamba Mungu alikuja, na kwamba kilio chake kilikuwa kimesikiwa tangu mwanzo.

Sisi Wakristo tunaongeza kwamba Mungu alikwenda mbali zaidi ya kuja. Juu ya msalaba Yesu alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akiuliza kwa nini ameachwa, na hakujibiwa saa ile. Anayemuuliza Mungu alikuwa wapi anauliza swali ambalo Mwana wa Mungu naye aliliuliza, akafa akiwa nalo. Ufufuo ulikuja siku ya tatu, na kati ya Ijumaa na siku ile palikuwa na Jumamosi ambayo Injili zina machache tu ya kusema juu yake. Waumini wengi hukaa katika Jumamosi hiyo kwa miaka, nao hawajatoka katika imani.

Kuhusu kuimba, usijilazimishe. Endelea kwenda, kaa katikati ya wanaoimba, na waache waimbe kwa niaba yako kama mama yako mdogo alivyowaimbia wengine waliokuwa na misiba yao. Nyumbani soma Zaburi ya 88 kwa sauti, uisome kama barua yako mwenyewe. Na yule mhubiri, kama bado yuko hapo, mwendee na mtu mzima mmoja wa ukoo, mkamweleze kwa utulivu mlivyoumia. Huenda hajui.

SWALI

Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni Muislamu, naishi Dar es Salaam, mabondeni, karibu na Mto Msimbazi. Mwaka 2011 mafuriko ya Desemba yalitutoa, wengine wakapewa viwanja Mabwepande, sisi tukabaki. Kila masika maji yanaingia ndani, na mwaka jana yalifika usawa wa kitanda. Ninataka kumhamisha mama, lakini anasema aliyeandikiwa kufa atakufa popote, na kwamba kuikimbia kadari ni upungufu wa imani. Nimjibuje mzazi bila kumvunjia heshima?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mimi ni Mkristo, na kwa hiyo nitatumia tu habari ambazo mama yako pengine amezisikia madrasa au redioni, na ukipenda umwombe imamu wa mtaani kwenu azithibitishe.

Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikuwa njiani kwenda Shamu, yaani upande wa Syria, alipopata habari kwamba tauni imeingia huko, ile inayojulikana kama tauni ya Amwas, mnamo mwaka wa 18 Hijria. Aliposhauriana na wenzake akaamua kurudi Madina, Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wa Mtume, alimuuliza lile lile analouliza mama yako: je, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa mwenye ngamia aliyeteremkia bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na jingine ni kavu, kwamba akilisha kwenye malisho au kwenye ukavu, kote atakuwa amelisha kwa kadari. Sidhani kuna mtu atakayesema Umar alikuwa na upungufu wa imani.

Ipo pia habari ya siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, mwaka wa 10 Hijria. Jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, machozi ya mwanawe yakiwa bado mabichi, aliwakataza, akasema jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Ilikuwa fursa ya mbingu kuonekana inamlilia mwanawe, naye hakuitaka, kwa kuwa haikuwa kweli.

Mama yako akikumbusha kwamba anayekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, amesema sawa, hadithi ipo, na ni rehema kubwa kwa waliofiwa. Lakini rehema hiyo ni ya yule aliyefikwa na maji. Haikuwekwa ili mtu ayangoje kitandani, na Mtume alimwambia mtu mmoja mwenye ngamia amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Usibishane naye mbele ya wajukuu. Kaa naye baada ya swala ya alasiri, msimulie habari ya Umar taratibu, kisha muulize ni nini hasa anachoogopa kukiacha. Mara nyingi wazee wanaotaja kadari huwa wanaogopa kuwa mbali na majirani waliozika nao na msikiti walioswali miaka yote, na hayo yana majibu: chumba kisiwe mbali na njia ya daladala, na Ijumaa umrudishe msikitini kwake. Masika huanza Machi. Chumba kitafutwe sasa, kodi ya miezi ya mwanzo ikiwa mkononi kabla ya mazungumzo, ili atakapokubali pasiwepo tena na sababu ya kungoja.